Namba ya Maradhi Isiandikwe kwa Kubahatisha

Kila mgonjwa atokaye chumba cha daktari huacha nyuma yake kumbukumbu ya maradhi yake, na mara nyingi siku hizi kumbukumbu hiyo hufupishwa kwa namba yenye herufi mbele. Mwananchi haijui namba hiyo, wala hana haja ya kuijua. Lakini kwa namba hizo Serikali hujua ni maradhi gani yamezidi na wapi, na bima hujua inalipia nini. Kwa hiyo namba ikiandikwa visivyo, kosa haliishii kwa karani, bali humfika mgonjwa.

Utaratibu huu si wa jana. Mwaka 1893 mtakwimu Jacques Bertillon wa Paris aliwasilisha orodha ya sababu za vifo mbele ya mkutano wa wanatakwimu mjini Chicago, ili mataifa yapate kuhesabu kwa kipimo kimoja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua kazi hiyo. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari, 2022. Orodha hiyo sasa ina maelfu ya namba, na hakuna mganga awezaye kuzihifadhi zote kichwani.

Tuchukue mfano wa Mtinko, kata ya Wilaya ya Singida Vijijini, ambayo wengi wa wasomaji wetu wa visiwani hawajapata kuiona. Mama akimleta mtoto na kusema kuwa ana degedege, neno hilo moja lina milango mitatu. Ikiwa ni mtukutiko wa homa, namba yake katika toleo la kumi ni R56.0. Ikiwa ni kifafa, ni G40. Ikiwa ni malaria iliyopanda kichwani, ni B50.0. Haya ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina tiba yake. Mama wa Micheweni au wa Makunduchi naye hutumia neno hilo hilo.

Wala Mtinko haiko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Mfanyabiashara wa Unguja aliyekwenda Singida kununua vitunguu huweza kutibiwa huko na kurejea nyumbani. Mwaka 2008 vituo vya Zanzibar vilianza kutuma taarifa za malaria kwa simu za mkononi, na kazi ya kuwafuatilia wagonjwa na safari zao imekuwa nguzo ya vita dhidi ya maradhi hayo. Nguzo hiyo hudhoofika ikiwa bara wameandika B54, yaani malaria isiyotajwa aina, mahali palipostahili B50, malaria ya falsiparamu.

Dawa ya tatizo hili haina gharama kubwa. Mafundi wa kompyuta wana kitu wanachokiita maktaba. Si nyumba ya vitabu, bali ni fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambalo fundi hulitia katika programu yake badala ya kuanza upya. Ipo maktaba moja ya toleo la kumi katika lugha ya Python, iitwayo simple-icd-10, itolewayo bure. Ukiiuliza namba, hukujibu kama ipo, ni ya maradhi gani, iko chini ya kundi lipi, na ina matawi gani.

Hata hivyo, kuuliza kama namba ipo hakutoshi. Karani akikosea na kuandika B57 badala ya B50, maktaba itajibu kuwa namba hiyo ni sahihi, maana kweli ipo. Lakini B57 ni maradhi ya Chagas, yenye asili ya Amerika ya Kusini! Kosa hilo litagunduliwa tu ikiwa jina la maradhi litaonekana mbele ya mwandishi kabla hajahifadhi, na tena kwa lugha anayoifikiria. Majina yaliyomo katika maktaba hiyo ni ya Kiingereza.

Kwa hiyo tunazishauri Wizara za Afya za pande zote mbili za Muungano mambo matatu. Kwanza, programu yoyote itakayotengenezwa au kununuliwa kwa ajili ya hospitali na vituo iwe na maktaba ya namba ndani yake, ifanye kazi hata intaneti inapokatika, na ionyeshe jina kabla ya kupokea namba. Pili, BAKITA na BAKIZA wakae pamoja na waganga waweke majina ya Kiswahili: kichocho, matende, pepopunda, kifaduro. Neno kama degedege lisifungwe kwa namba moja, bali lifungue orodha, ili mganga alazimike kupima na kuuliza zaidi. Tatu, safari ya kuhamia toleo la kumi na moja iwe ya pamoja. Huko malaria ya falsiparamu si B50 tena, bali ni 1F40. Upande mmoja ukihama peke yake, hesabu zetu hazitasomana.

Wako watakaosema kwamba wananchi wanahitaji dawa, si namba. Hoja hiyo ina uzito, lakini asiyejua hesabu ya wagonjwa wake atapelekaje dawa? Wengine watahofu kuwa mashine itachukua nafasi ya daktari. La hasha. Maktaba haipimi damu wala haimsikilizi mama. Kazi ya kutambua maradhi ni ya mganga, na kazi ya mashine ni kulinda alichokitambua kisipotee njiani.

Wakuu wanaohusika wasingoje mpaka hesabu zikosane ndipo watafute mchawi. Mtoto wa Mtinko na mtoto wa Micheweni wana haki moja: maradhi yao yaandikwe kama yalivyo.