Tuwaheshimu Mama Zetu Wangali Hai: Waraka kwa Washarika

Ndugu zangu wapendwa, kina baba, kina mama na vijana wa sharika zetu za miteremko ya Kilimanjaro, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Nawaandikia kwa upendo, lakini moyo wangu ni mzito. Katika miezi hii tumewazika kina mama kadhaa waliojaliwa umri mrefu. Mazishi yao yalifana. Turubai zilijaa, magari yakapanga foleni hadi barabara kuu, watoto na wajukuu wakavaa sare, kwaya zikapokezana. Kisha katika kila mazishi ukasomwa wasifu wa marehemu, na hapo ndipo nilipohuzunika zaidi, kwa kuwa niliona wajukuu, na hata wazee wa kanisa, wakitazamana kwa mshangao. Mambo makubwa aliyoyatenda mama yule walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza, na yeye hakuwepo tena wa kuulizwa.

Yatafakarini maisha ya mmoja wao, ambaye jina lake naliacha kwa heshima ya familia. Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, katika ukoo ulioipokea Injili mapema baada ya wamisionari wa Leipzig kufika Machame mwaka 1893. Alipata kipaimara, akaolewa, na mwaka 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mumewe alifariki mapema, watoto wakiwa bado wadogo. Tangu hapo alichuma kahawa na kuipeleka kwenye chama cha ushirika, akauza ndizi sokoni, akateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda mlima na mzigo kichwani. Ada za shule zilitoka humo. Jengo la kanisa tunaloabudia leo lilipoanza, alikuwa miongoni mwa kina mama waliobeba mawe na mchanga, na kwa miaka mingi hakuna mgonjwa wa mtaani kwake aliyelala bila yeye kufika kumwombea.

Mama huyo miaka yake ya mwisho aliimalizia katika nyumba nzuri aliyojengewa na wanawe, pamoja na msichana wa kazi. Fedha za matumizi zilifika kwa simu kila mwezi, nami nawashukuru watoto kwa hilo, maana najua kodi za nyumba mjini na mizigo mnayoibeba. Lakini macho yake yalipofifia alikosa mtu wa kumsomea Neno. Miguu iliposhindwa kupanda hadi kanisani, ilipita miezi asiletewe Chakula cha Bwana. Bahasha ya ahadi ilimfikia kila mwaka bila kukosa. Sisi tulioituma hatukufika. Lawama hii, ndugu zangu, si ya watoto wake peke yao. Ni ya usharika mzima, na inaanzia kwetu viongozi.

Sisi ni watu wa Katekisimo. Tulisimama mbele ya madhabahu na kuikiri amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, na hatukuambiwa kwamba heshima hiyo huanza siku ya maziko. Bwana wetu aliwakemea waliojificha nyuma ya sadaka ya hekaluni ili wakwepe kuwatunza wazazi wao. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko kuhusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku ndiyo yaliyowafanya mitume waagize wachaguliwe watu saba wa kuisimamia huduma hiyo. Mitume hawakuyapuuza. Kanisa linaloweza kuchangisha mamilioni kwa jengo likashindwa kumfikia mjane mmoja aliye hatua chache kutoka mlangoni pake, limejisahau.

Tena liko jambo ambalo lazima niliseme wazi. Wapo wanaogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, mama angali hai, tena mbele ya masikio yake. Wapo wanaomhesabu kuwa mlinzi tu wa shamba hadi wenye mali watakaporudi, na wapo wanaowafukuza dada zao kwa jina la mila. Mila ya kumwachia kitinda mimba nyumba ya wazazi ilikuwa pia mzigo wa kuwatunza hadi mwisho; hatuwezi kuchukua urithi tukaacha mzigo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Isiwe aibu kwetu kwamba sheria ya nchi inamlinda mjane zaidi ya anavyolindwa na Mkristo mwenzake.

Kwa hiyo nawasihi. Kila jumuiya iwatambue wazee wake wasioweza kufika kanisani, na ibada ya jumuiya ihamie kwao, hata kama nyumba ni ndogo na chai haipo. Wazee wa kanisa wawape wachungaji majina ya hao wasioweza kufika, ili Chakula cha Bwana kiwafikie. Sehemu ya mavuno tunayonadi kanisani iende kwao. Vijana wa kipaimara wapangiwe kwenda kuwasomea Biblia na kuwauliza habari za maisha yao, wayaandike wakati wenyewe wanaweza kusahihisha. Nanyi mlioko mbali, mtakapopanda mlima Desemba hii, msiimalize likizo yote kwenye sherehe. Ketini na mama. Mambo ya kihamba yazungumzwe kwa amani mbele yake, kwa sauti yake, yaandikwe kisheria.

Najua upendo haujafa kati yetu, maana umati ule msibani haukuja kwa unafiki. Watu waliosafiri usiku kucha kwenda kumzika mama wanaweza kusafiri kwenda kumsalimu. Tuanze Jumapili hii, baada ya ibada, kabla ya kurudi majumbani. Bwana awatie nguvu katika kazi hii, na neema yake iwe nanyi nyote.

Mtumishi mwenzenu katika Kristo.