Hesabu ya Riba ni Haki ya Mtoto wa Njiru

Wapenda mageuzi na waumini wa Njiru, twauliza: ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa mchimba mawe hapa kwetu hahitaji kufundishwa maana ya deni?

Mwezi wa Januari 2024 serikali ilipunguza masomo ya sekondari msingi kutoka 14 hadi 9. Somo la Biashara, lililokuwa likisimama peke yake, likamezwa pamoja na kompyuta ndani ya somo la maarifa ya awali ya ufundi. Tutaambiwa kwamba mada za fedha zingalimo. Zimo, naam, zimebanwa kama abiria wa matatu ya Kangundo Road saa kumi na mbili jioni.

Mkopeshaji naye hangoji mtaala. Yumo mfukoni, ndani ya simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yasikika ndogo, izidishe kwa miezi 12, nawe wapata 90. Mtoto wa darasa la sita huiweza hesabu hiyo, ila nani amepewa wajibu wa kumfundisha aifanye kabla hajabonyeza kukubali? Wakopeshaji wengine wa simu walitoza zaidi, na baadhi yao wakawapigia jamaa na waajiri wa mdeni ili kumwaibisha. Benki Kuu haikupewa mamlaka juu yao hadi sheria ya Desemba 2021.

Wala kanisa lisijitoe lawamani. Miradi ya piramidi iliyoporomoka mwaka 2007 iliwanasa maelfu ya Wakenya, na mingine ilipenyezwa kupitia makanisa, kwani muumini humwamini aketiye naye ibadani. Waliouliza faida ile yatoka wapi walikuwa wachache.

Wako wasemao kwamba tatizo ni umaskini, si elimu. Twakubali nusu: somo halitamwongezea kibarua wa machimbo ujira. Lakini asiyeijua riba ataihoji vipi serikali inayokopa kwa jina lake? Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Tulipigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kikafutwa mwaka 1991. Hatukufanya hivyo ili tuwe wapiga kura wasioweza kusoma bajeti.

Twadai elimu ya fedha iwe somo la lazima katika kila shule ya umma, lenye vipindi vyake, mwalimu wake na mtihani wake. Kifungu cha 119 chaturuhusu kuliomba Bunge. Vyama vya akina mama, vijana na kamati za makanisa, anzeni kukusanya sahihi Jumapili hii.