ZABUNI ZA SERIKALI: FUNDI MDOGO NAYE APEWE HAKI YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Huenda wengine wenu mtauliza: zabuni za serikali zinamhusu nini mchuma chai au mwendesha mashine kiwandani? Zinamhusu sana. Siku kiwanda kinapopunguza watu, wengi wetu hukimbilia karakana ndogo: useremala, ushonaji, uchomeleaji. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini ni serikali, inayonunua kwa fedha ya kodi yetu.

Kwa jirani zetu wa Kenya sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki na usawa. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini sheria ya karatasi haijazi chungu.

Mtazame fundi seremala wa Gikomba. Madawati yakitangazwa maelfu kwa mkupuo mmoja, ataiweza wapi zabuni hiyo? Itachukuliwa na kampuni ya mkobani isiyo na hata randa, kisha kazi imrudie yeye yule yule kwa bei ya kumnyonya. Jasho lake, faida ya wengine. Na akibahatika kuipata mwenyewe, husubiri malipo mwezi baada ya mwezi, huku mbao amekopa na vibarua wanadai ujira wao. Sheria hiyo hiyo inakataza kuanza ununuzi kabla fedha haijatengwa. Basi kisingizio cha kukosa fedha kinatoka wapi?

Vyama vyetu, kila nchi, vidai mambo matatu. Kwanza, zabuni kubwa zigawanywe mafungu ambayo fundi mdogo anayaweza. Pili, alipwe kwa wakati. Tatu, naye asiwapunje vibarua wake ili bei yake iwe ya chini. Mkataba Na. 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka kazi ya serikali ilipwe ujira usiopungua ule wa kazi kama hiyo mahali hapo. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeuridhia. Udogo wa biashara si ruhusa ya kunyonya.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu, lakini kibaba hicho kisiwe cha tajiri peke yake.

Umoja ni nguvu!