Tukitembeza wamama wazee katika muji



Kisha mukutano wa juma lililopita wengi waliniuliza: tunaweza kutembeza wamama wazee wa kikundi siku moja hapa Lubumbashi kwa taksi-basi tu, bila kukodi motokari? Ndiyo, inawezekana. Lakini muniruhusu nianze na kosa letu.

Mwaka jana tulichukua wazee nane. Tulipanga fasi tano kwa siku moja, na tulitembea mbio sawa vile tunapeleka wanafunzi. Mama mumoja wa miaka 74 hakulalamika hata mara moja. Saa tisa, tukiwa tunangojea basi ya kurudia, kizunguzungu kikamukamata, akatuangukia mikononi. Tulimukalisha kwenye kivuli. Pale akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu asubui hakukunywa maji, sababu alikuwa na haya ya kuuliza choo mbele ya watu. Chupa za maji nilikuwa nazibeba mimi mwenyewe, na zilikuwa zingali zimejaa.

Kwa hiyo sasa tunaanza kupanga kwa choo. Siku moja mbele, mumoja wetu anaenda kuangalia: choo iko wapi, iko wazi, iko na maji? Kuna fasi ya kukaa? Na siku ya safari, kila saa moja, mwenye kuongoza anasema: “Mimi ninaenda choo, nani ananisindikiza?” Hakuna muzee anayelazimika kuuliza.

Tena, tunachagua fasi moja tu. Mara ya pili tulienda Musée National, pembeni ya jengo la 30 Juin. Huko mutaona misalaba ya shaba, ile watu wa Katanga walikuwa wanatumia sawa franga mbele ya Wazungu kufika, hata kwa kulipa mahari. Mama mumoja alisimama mbele ya hiyo misalaba mupaka tukamutafutia kiti. Ameuza makala katika Kenya zaidi ya miaka 40, na hakuwahi kuingia mule. Alizania ni nyumba ya Wazungu na ya wanafunzi. Akaanza kutuelezea vile nkambo yake alikuwa anasimulia habari ya mahari ya zamani. Binti yake, aliyekuja kumushika mukono tu, alikuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Ile siku hatukuona kitu kingine, na hakuna aliyeuliza.

Kuhusu njia: tunatoka saa tatu, wakati wafanyakazi na wanafunzi wamekwisha kupita, na tunarudi mbele ya saa nane. Tunapandia pale basi inaanzia, hapana katikati ya barabara, sababu huko viti vimejaa na dereva hana uvumilivu. Mwenye magoti ya kuuma anakaa karibu na mulango. Wazee wanne kwa basi moja, pamoja na mama kijana mumoja anayelipia wote kwa franga ndogo-ndogo. Pikipiki hapana, hata kama inasifiwa kuwa ya haraka.

Katika muchango tunahesabu kwenda na kurudi, kisha tunaweka kando makuta ya taksi moja kwa ajili ya mutu atakayechoka. Ikirudi bila kutumiwa, inaingia kwenye kasha. Kila muzee anabeba dawa yake ya tansio, na karatasi yenye namba ya simu ya mutoto wake. Mwezi wa sita na wa saba asubui kuna baridi, basi kitenge cha pili kisisahauliwe. Mwezi wa kumi jua ni kali sana, ni heri kubaki nyumbani.

Mwezi wa saba tunataka kwenda kuona bustani ya wanyama. Yule mama wa miaka 74 amejiandikisha wa kwanza, na amesema chupa yake ya maji ataibeba mwenyewe.