Acheni kuicheka Probox

Jamani, nimechoka kusikia watu wakiicheka Probox, ati ndani ni plastiki tupu. Hapa Illasit ndiyo inayotubeba kwenda Loitokitok, na mimi ninayekula kwa kuandika programu nasema waliobuni dashibodi yake walitumia akili.

Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari la kazi. Plastiki ngumu? Ndiyo, na vumbi letu unalifuta kwa kitambaa kibichi, limeisha. Kuna kimeza cha kuvuta, cha kuwekea daftari la hesabu. Feni unaiwasha kwa kuzungusha kitufe, macho yakiwa barabarani.

Sasa tazama hayo mnayoita ya kisasa: kila kitu kimefichwa ndani ya skrini. Nyingi zikitoka Japani huja na maandishi ya Kijapani. Nyingine ukikata betri tu, zinajifunga na kudai kadi ya ramani ya Japani! Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, lakini hakuna anayeuliza kama programu iliyomo bado inatumika.

Si mimi peke yangu. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, katika kanuni zao za 2026 wanazipunguzia alama gari zisizo na vitufe halisi vya indiketa, honi na waipa.

Kwangu mimi, ubora ni kitu kufanya kazi baada ya miaka 20. Wewe mwenye skrini kubwa, nijibu: ikizimika njiani, feni utaiwashaje?