Mwenye Nyumba Kahama, Mbwa Kabaki Mlangoni

Mwezi Julai mwaka jana nilikuwa njiani nikirudi Dar es Salaam kutoka Lugoba, usiku ukanikutia Chalinze. Nikalala kwa jamaa yangu mmoja ambaye ni fundi wa magari. Wenyeji wa Njombe na Makete watacheka wakisikia mtu analalamikia baridi ya Chalinze. Hata hivyo usiku ule upepo wa kusi ulivuma tangu magharibi hadi alfajiri, na manyunyu yakawa yanapiga mabati mara kwa mara. Nilipotoka kunawa uso nilimkuta mbwa mwekundu amejikunja mbele ya mlango wa nyumba ya pili. Manyoya yake yalikuwa yamelowa, mbavu zake zahesabika, na mlango aliokuwa akiulinda ulikuwa na kufuli.

"Mbwa wa nani huyu?" nikauliza.

"Wa mwalimu," akajibu mwenyeji wangu. "Lakini mwalimu kahamishiwa Songea tangu mwezi wa tano. Jioni huyu huenda kwenye mabanda ya nyama choma kuokota mifupa, kisha hurudi hapo hapo. Anadhani watarudi."

Wiki tatu baadaye mbwa yule alimng'ata mkononi mtoto wa miaka sita aliyekwenda kuokota mpira barazani pale. Vijana wakampiga mawe mpaka akafa. Habari hiyo nitaimaliza baadaye. Kwanza napenda tuzungumze juu ya mambo ambayo yangeweza kufanyika mwezi wa tano.

Chalinze ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika pale, moja ikaelekea Morogoro na nyanda za juu, nyingine ikapita Msata na Segera kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Walimu, wauguzi, askari na mafundi huja wakakaa miaka miwili mitatu, kisha wakaondoka. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na shule hufungwa mwezi Juni, hivyo aghalabu kuhama nyumba huangukia katika kipupwe, wakati ambao mnyama asiye na makao huteseka zaidi. Lori likifika, kitanda hupakiwa, kabati hupakiwa, kuku hutiwa katika tenga. Mbwa na paka hubaki wakitazama.

Kama huwezi kumchukua mnyama wako, anza kumtafutia makao siku ile ile unapopokea barua ya uhamisho. Usingoje lori. Wako watu wengi wanaohitaji mbwa: mwenye shamba la mananasi kule Kiwangwa, au mkulima wa mahindi wa Msoga anayesumbuliwa na ngedere na nguruwe mwitu, atamshukuru mtu anayempa mbwa mzima aliyekwisha fundishwa. Lakini mwulize huyo anayemtaka: mbwa atalala wapi? Nani atamlisha mwenye nyumba akisafiri? Je, wako mbwa wengine pale? Usimkabidhi utingo wa lori linalopita kwa sababu tu amesema, "Mzee, nipe mimi." Mbwa wa namna hiyo mara nyingi huishia kituo kinachofuata.

Ukiisha kumpata mtu, mwalike aje nyumbani kwako mara mbili tatu, naye ampe mbwa chakula kwa mkono wake mwenyewe wewe ukiwapo. Siku ya kuondoka, mbwa aende na gunia lake la kulalia na bakuli lake, maana harufu anayoijua humtuliza. Na umwandikie mwenyeji wake mpya karatasi: mbwa ana umri gani, amezoea chakula gani, huitika jina gani, huogopa nini. Pamoja na karatasi hiyo mpe cheti cha chanjo. Nasisitiza cheti, na sababu yake utaiona.

Paka ana mambo yake. Watu husema paka ni wa nyumba, si wa mtu, na kwa maneno hayo humwachia mpangaji anayekuja. Ni kweli kwamba paka hushikamana na mahali, lakini mpangaji mpya huenda asimtake, naye ataishia kuwa shume wa jalalani. Wengine humtia guniani wakamtupa sokoni, jambo ambalo sioni namna ya kulitetea. Paka husafiri vema katika kikapu chenye mfuniko, au tenga lililofunikwa kanga kuukuu. Akifika nyumba mpya afungiwe katika chumba kimoja, awekewe kisanduku cha mchanga au jivu, akae ndani wiki mbili hadi tatu. Siku ya kumfungulia kwa mara ya kwanza, mtoe kabla ya chakula. Njaa itamrudisha.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Vitabu vya wafugaji wa Ulaya huzungumzia theluji na kuwavika mbwa sweta. Adui yetu sisi ni unyevu ukiandamana na upepo. Katika nyumba nyingi za pwani hii paka huingia ndani na mbwa hukaa nje, kwa sababu ya dini na mazoea, wala sina ugomvi na desturi hiyo. Ila kukaa nje si kulala mvuani. Banda la mbwa liwe na sakafu iliyoinuliwa kama shibiri moja kutoka chini kwa matofali au mbao. Mlango wake uelekee kaskazini, kwa kuwa upepo wa kipupwe hutoka kusini. Magunia yaanikwe kila jua linapotoka. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo, na jike anayenyonyesha, hao waongezewe chakula kidogo.

Watoto wa mbwa na wa paka hawawezi kujipasha joto katika wiki mbili za mwanzo, na baridi huwaua upesi kuliko njaa. Jaza maji ya moto katika chupa, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, uiweke pembeni mwao. Usiwaingizie jiko la mkaa. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watoto hao, nayo haichagui, hukuua hata wewe uliyelala karibu nao.

Tahadhari nyingine ni chakula. Mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na watu wengi huyachambua, mazuri wakala wao na mabaya wakamsagia mbwa. Ukungu huo waweza kutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Huharibu ini la mbwa kama linavyoharibika la binadamu. Mahindi yaliyooza hayana mlaji.

Kadhalika dawa za kubahatisha. Chalinze ina gereji nyingi, na nimeona mbwa waliopakwa oili chafu eti kuua kupe na ukurutu. Mbwa hujilamba, oili ikaingia tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe paka kabisa, kwani nyingine humwua kwa mtetemeko wa mwili. Na mama mwenye huruma anayemwona paka wake anatetemeka kwa homa akampa Panadol, ajue kwamba kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Mwite daktari wa mifugo.

Nikiwa Chalinze nilijifunza jambo moja kutoka kwa madereva. Usiku wa baridi paka hupanda ndani ya injini ya gari lililozimwa punde, wakafuata joto. Dereva mmoja wa lori aliniambia kuwa kila alfajiri, kabla ya kuwasha, hupiga kofi mara tatu juu ya boneti. Alianza desturi hiyo baada ya kusikia sauti ambayo hataki kuisikia tena.

Juu ya mafunzo sitasema mengi. Mbwa aliyehamia kwa watu wapya aanze na maneno matatu: njoo, kaa, acha. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha, na kipande cha dagaa kila anapotii. Watu wote wa nyumba watumie maneno yale yale. Kumlisha pilipili na kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa ili awe mkali ni kumfundisha uwoga, na mbwa mwoga ndiye ang'ataye watoto.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachosafiri katika mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, mgonjwa hufa. Waliopona duniani ni wachache mno. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi ya kumwokoa, na nafasi hiyo imejulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, kule Ufaransa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisitiwe majani, pilipili wala maji ya betri. Kisha aende hospitali siku ile ile aanze chanjo, nayo hutolewa kwa siku zilizopangwa, asiruke hata moja kwa kuona jeraha limefunga.

Kinga yenyewe huanzia kwa mbwa. Anaweza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari anavyoelekeza. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Haya si maneno ya vitabuni tu. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilifaulu kuukomesha, ukarudi tena, nao wakaukomesha tena kwa chanjo. Kila Septemba 28, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nawe waweza kuulizia halmashauri yako ratiba ya chanjo. Mbwa aliyeachwa mlangoni hapelekwi chanjo na mtu. Jirani husema si wangu, na mwenyewe yuko mbali.

Mbwa mzima aking'ata, asiuawe ovyo. Hufungwa mahali salama, ofisa mifugo akaarifiwa, naye hutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima bado siku hizo zikiisha, basi hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipong'ata, na daktari anaweza kukatisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyekwisha zikwa hatazamiki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yule. Mbwa alikuwa amekufa, hakuna aliyejua habari zake, hivyo ilimlazimu mtoto kumaliza sindano zote. Mama yake, ambaye huuza maandazi kituo cha mabasi, alikopa nauli kila safari, na siku alizokuwa hospitali hakukaanga kitu. Mtoto ni mzima, ingawa mpira ukiangukia barazani pale humtuma mwingine.

Jamaa yangu aliipata namba ya mwalimu mwezi wa tisa akampigia Songea. Mwalimu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema mbwa yule alichanjwa mwezi Machi, na cheti chake alikuwa nacho pale, ndani ya sanduku la vitabu ambalo hajalifungua.