Mzito si Mvivu



Jumapili iliyopita, tulipotoka katika Misa ya pili, baba mmoja wa parokia yetu alikuwa akitungoja chini ya mwembe. Baada ya salamu hakukawia kutoa lililokuwa moyoni.

"Mwalimu," alisema, "Mungu amenijalia wavulana wawili. Wa kwanza ni moto. Jogoo hajawika, yeye amekwisha kuteka maji na kufagia uwanja. Wa pili ni jiwe. Nimwite mara tatu, ndipo ageuke. Asubuhi anatembea kama mlevi. Nimeazimia kumtoa shuleni akachunge mbuzi za babu yake. Fedha za masomo ni nyingi, nami sitaki kuzitupa mtoni."

"Baba, mtoto huyo ana umri gani?"

"Miaka kumi na minne."

"Na jioni yukoje?"

Alifikiri kidogo. "Jioni huamka. Ndipo ashikapo daftari lake, wala hataki kulala hata saa tano ya usiku. Mama yake humfukuza kwenye taa."

"Nawe humwamsha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kama ndugu yake."

Basi tuliona ya kuwa baba huyu alikuwa amekwisha kujijibu mwenyewe bila kujua.

Zamani, seminarini, walimu wetu walitufundisha habari za wenye hekima wa Uyunani, Hippocrates na baada yake Galen, ambao walidhani tabia ya mtu hutokana na maji manne ya mwili. Mwenye damu nyingi huwa mchangamfu. Mwenye nyongo ya manjano huwaka upesi. Nyongo nyeusi humfanya mtu kuwa wa mawazo na huzuni. Na kohozi humfanya mtaratibu, mzito wa kuanza. Tukiri ya kuwa tulilipenda sana somo hilo, kwa maana lilitupatia majina manne ya kuwatania wenzetu. Waganga wa leo wameiacha hesabu hiyo ya maji, na wamefanya haki. Lakini jambo ambalo wazee wale waliliona kwa macho yao lilikuwa kweli: watu hawakukatwa wote kwa kipimo kimoja.

Tena wataalamu wamegundua mengine. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuchunguza saa iliyomo ndani ya viumbe. Waliichunguza katika nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi mbivu, nao walionyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya seli. Sisi nasi tunayo. Ndiyo inayotuletea usingizi na kutuondolea, na mwanga wa jua huirekebisha kila siku. Lakini haiendi sawa kwa watu wote. Mmoja nguvu zake zimejaa alfajiri, mwingine zampanda jua likielekea kutua. Na kijana anapobalehe, saa yake husogea mbele: usingizi humjia kwa kuchelewa, na asubuhi hukataa kuondoka. Hata hivyo kijana wa umri huo ahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Mtoto wa baba yetu alikuwa akipata sita. Hapo jiwe ni nani?

Lakini tusikimbilie kusema kila uzito ni maumbile. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, alikuwako mvulana aliyesinzia kila siku, asubuhi na mchana. Tulimpigisha magoti mbele ya wenzake. Tulimwita mvivu, tena kwa sauti kubwa. Baadaye mama yake alimpeleka kwa daktari, ikaonekana ana safura: minyoo iliyoingia kwa nyayo zake tupu ilikuwa ikimnyonya damu tumboni. Alipotibiwa, alikuwa akitutangulia katika kujibu. Magoti yale hatujayasahau. Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto aliyekuwa mwepesi akageuka mzito, au anayechoka bila kazi, au mwenye macho na viganja vyeupe, apimwe kwanza damu. Malaria huchosha, minyoo huchosha, njaa huchosha. Fimbo haitibu hata moja katika hayo.

Na aliye mzito kwa maumbile asidharauliwe. Yasimuliwa ya kuwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa mwanafunzi, alikuwa mnene na mnyamavu hata wenzake wakamwita ng'ombe bubu. Mwalimu wake, Mtakatifu Alberto, aliwaambia ya kwamba mlio wa ng'ombe huyo utasikika ulimwenguni kote. Mwaka 1880 Papa Leo XIII alimweka kuwa msimamizi wa shule zote za Kikatolika. Watoto wetu hujiweka chini ya ulinzi wake kabla ya mtihani, nasi hatuwaambii jina alilotaniwa!

Hayo hayamwondolei kijana wajibu. Maji ya nyumbani ni lazima yatekwe, na kusema "ndivyo nilivyoumbwa" si udhuru wa kumwachia mama ndoo. Wala yule ndugu yake wa moto asijivune. Huanza mambo kumi, humaliza manne, na ulimi wake humtangulia. Baba mwenyewe alikubali, akicheka. Mtakatifu Fransisko wa Sale, ambaye wote walimsifu kwa upole, yasemekana kwa asili alikuwa mwepesi wa hasira, akapigana nayo miaka mingi. Kila mmoja ana shamba lake la kupalilia.

Tulipatana hivi na yule baba. Wiki hii kijana atapelekwa kituo cha afya. Mkubwa atateka maji ya asubuhi, mdogo atateka ya jioni na kupasua kuni. Masomo atayashika tangu saa kumi na mbili, wakati kichwa chake ni chepesi. Saa tatu na nusu taa izimwe, na simu ya baba isibaki mkononi mwake kitandani, kwa maana mwanga wake hufukuza usingizi. Asubuhi ataamshwa saa kumi na moja na nusu. Habari ya mbuzi imeahirishwa hadi mwisho wa muhula. Zaidi ya hapo baba hakutuahidi kitu.

Alipokuwa akiaga aliwaita wanawe. Mkubwa alikuja mbio. Mdogo alikuwa amechuchumaa kando ya shina, akitazama msafara wa siafu. Baba alifungua kinywa amwite mara ya pili, akakifunga, akasimama kungoja.